Breki za disk nyuma ya Hilux yangu: "tundu sita" peke yake haitoshi

Nilitaka kutoa breki za dramu za nyuma niweke za disk, nikauliza nitumie disk za gari gani. Kila fundi alikuwa na jibu moja: "Bosi, Toyota za tundu sita za bolti za tairi zote zinaingiliana, chukua disk yoyote." Ni kweli zinaingia. PCD, yaani kipenyo cha duara zinapokaa bolti za tairi, ya Hilux LN106 yangu ni mm 139.7, na ya Prado 120 ni hiyohiyo. Lakini disk kuingia kwenye bolti za tairi ni kazi ndogo. Shughuli ni kalipa, kile kibanio chenye pistoni na pedi, ikae sawa pande zote mbili za disk hiyo, na hapo ndipo mafundi wengi huanza kukuna vichwa.

Nilinunua seti nzima kule Gerezani, Dar es Salaam, kutoka Prado iliyochinjwa: disk, kalipa, breketi zake na zile shuu ndogo za hendibreki zinazokaa ndani ya disk. Ilikula laki kadhaa, sikuhesabu bajaji. Jamaa mmoja alitaka kunipa disk za gari moja na kalipa za gari jingine kwa bei chee. Nikamwambia hapana, kaka. Kalipa ya disk nene ukiivalisha disk nyembamba, pedi zikilika pistoni inatoka kupita kiasi, siku moja mafuta yote chini. Disk ya mtumba usiinunue bila kusoma ule unene wa mwisho uliogongwa kwenye chuma chenyewe.

Shafti zikapresiwa, sahani za dramu zikatoka. Kujaribisha kalipa, pedi ya ndani inasugua, ya nje iko mbali. Gereji nzima: "Tia washa," zile ringi bapa za chuma, ili kuisogeza kalipa. Washa moja, mbili, tatu, mpaka mmoja akashauri tuparue disk. Nikawaacha wakanywe chai.

Nilichofanya ni kuanzia upande wa pili. Nilifunga disk kwa nati zote sita, nikavalisha kalipa na pedi mpya bila kuishika popote kwenye ekseli. Kati ya breketi na ukingo wa disk nikachomeka vipande vya boksi, nafasi ibaki kama mm 2. Zile pini za kuteleza nikaziweka katikati ya mwendo wake, kisha nikabana pedi kwa klampu. Kalipa ikajinyoosha yenyewe! Hapo sasa nikapima umbali wa kwenda ndani, kati ya kalipa na ekseli, nikachora kwenye kadibodi tundu nne za ekseli na mbili za kalipa. Fundi wa mashine akachonga bamba la mm 12 la kushika kalipa kwenye ekseli, kwa mchoro huo. Lilikaa bila hata kupigwa tupa, na wale wa washa walikuja kuangalia kimyakimya.

Siku ya kutoa hewa nikachoshwa tena. Pedeli inazama, fundi anapampu, chupa ya mafuta ya breki inaisha, anafungua nyingine. "Masta (pampu ya breki) imekufa, bosi," na kumbe anayo moja ya kuuza. Nikainama nikachungulia: nipeli ya kutolea hewa iko chini ya kalipa. Alikuwa amefunga kalipa ya kulia kushoto! Hewa inakaa juu, angepampu mpaka Idi. Tukazibadilisha kalipa pande, pedeli ikasimama.

Kwa wenye gari lililonyanyuliwa: kuna valvu ya breki juu ya difu (gia ya ekseli ya nyuma), yenye fimbo inayopima mzigo. Ukiongeza urefu, fimbo inashuka na valvu inadhani gari ni tupu, nyuma inapata presha kidogo. Mimi nimenyanyua inchi 2, nikarefusha kishikio cha fimbo kwenye ekseli inchi hizohizo. Kisha barabara ya vumbi isiyo na watu, mpwa wangu kasimama pembeni anaangalia tairi zipi zinajifunga kwanza. Zikiwa za nyuma, gari usilitoe, litakugeuza. Zangu zilianza za mbele.

Rimu za inchi 15 ziligusa kalipa, kwa hiyo nimehamia 16. Zile za zamani nauza zote nne na matairi yake, bei tutaelewana.