Madam wa madaftari: siku yangu moja Tanga

Saa kumi na moja na robo alfajiri. Masika yamepiga bati usiku kucha na bado yanadondoka. Nimeswali, chai ya tangawizi ipo jikoni, nahesabu madaftari: thelathini na mawili. Nayaviringisha kwenye kipande cha turubai na kuyafunga kwenye keria ya baiskeli. Nikilowa mimi nitakauka. Daftari likilowa, wino unavuja na siri ya mtoto inakwenda na maji.

Mama anauliza swali lake la kila Jumanne. "Leo nako mnakwenda kuandika tu?"

"Tunaandika, mama."

Anacheka peke yake. Shoga zake wa pale Ngamiani walishamwambia kwamba bintiye ni kamati ya ufundi. Kwa asiyejua lugha ya mpira wetu, kamati ya ufundi ni wale wanaotangulia uwanjani usiku wakiwa na vitu vyao vya uganga ndani ya kanga. Mimi nina kalamu ya bluu na filimbi mbovu.

Kazi yenyewe ni hii. Nawafundisha wanafunzi wanaocheza, pamoja na makocha wao, kukaa chini baada ya mazoezi na kujiuliza kimetokea nini. Tunafanya na mengine: pumzi, macho yaende wapi, neno gani ujiambie, kosa ulisahau vipi kabla mpira haujakurudia. Lakini mzizi ni daftari. Tuko wanne, tunagawana shule, tunalipwa posho inapopatikana. Kwenye fomu ya SACCOS, penye "kazi", naandika mwalimu. Zamani niliandika "mnasihi wa saikolojia ya michezo", yule dada wa dirishani akanitazama kwa huruma na kuniuliza kama ni kule Mirembe, hospitali ya wagonjwa wa akili.

Saa mbili kasoro nipo shule ya kwanza, nimetapakaa tope hadi magotini. Kitabu cha wageni kina safu ya "madhumuni". Naandika. Katibu muhtasi anasoma juu chini, ananiita "dada yangu", anaomba barua ya kibali. Nampa. Anasema nakala ya ile barua ilitakiwa iletwe jana. Iliyoletwa jana ipo mezani kwake, naiona, imekaliwa na chupa ya chai. Mkuu ana kikao. Nikae pale kwenye benchi.

Nakaa hadi saa nne.

Ningeambiwa niainishe kazi hii inaliwa na nini, ningesema benchi la nje ya ofisi. Nimeyakalia mengi mkoa huu, najua lenye msumari na lenye mguu mfupi. Ukikaa hapo unapitiwa na walimu, kila mmoja anakuuliza "unahudumiwa?", unajibu "nahudumiwa", naye anakwenda zake. Wa leo mmoja alisimama, akataka kujua nafanya nini. Nilipomweleza akasema, "Ah, motisha!" Si motisha, mwalimu wangu. Motisha ni yule mgeni anayekuja mara moja, anawapigisha watoto makofi, anapiga picha, anaondoka. Mimi nakuja kila Jumanne mpaka wananichoka.

Vijana wa riadha nilibakiziwa nao dakika arobaini. Tulitazama kwenye simu yangu mita za mwisho za Alphonce Simbu kwenye marathoni ya mashindano ya dunia kule Tokyo, Septemba 2025, pale alipomkamata Mjerumani, wote wawili wakaandikiwa saa 2 dakika 9 sekunde 48, dhahabu ikaja Singida kwa jicho la kamera. Nikaisimamisha video wakiwa bado wanakimbia. "Hapa Simbu anawaza nini?" Mikono ikapaa. Anawaza nchi. Anawaza mama yake. Anawaza hela. Nikasema hakuna kati yetu anayejua, mimi wa kwanza, kwa sababu hatukuwa ndani ya kile kichwa. Kichwa unachoweza kukisoma ni kimoja tu. Andika wewe uliwaza nini jana ulipobakiza mita mia mbili. Kimya kikaingia. Kijana mmoja wa kidato cha pili akaniuliza taratibu, "Madam, hata kama niliwaza kuacha?" Hasa hilo.

Saa saba mchana, jua limetoka kulipiza kisasi. Mihogo ya nazi kwa bibi wa kona, chini ya mwembe, na madaftari ya wale wa jioni. Hii ndiyo saa ninayoipenda. Maswali ni matatu: kilitokea nini, mwili ulikuwaje, kesho nitafanya nini. Kuna sentensi moja nimeipiga marufuku, "nitaongeza bidii". Wanafunzi wetu wamelelewa nayo, imeandikwa kwenye ripoti zao tangu darasa la kwanza, na haimaanishi kitu. Kesho utaionaje bidii? Itavaa jezi gani? Nikiikuta naipigia mstari na kuandika pembeni: *wapi?* Wiki ya kwanza nilipiga mistari ishirini na saba. Leo mitatu. Mlinzi mmoja ambaye zamani angeongeza bidii ameandika: "Kesho nitatazama kiuno cha mwenye mpira, si macho yake, macho yananidanganya." Nilisahau mhogo ukapoa.

Kisha nikafungua daftari la GS wetu wa netiboli, yule mfungaji. Wino umekandamizwa hadi ukurasa wa pili. "Nikikosa moja nasikia sauti ya kocha kabla sijatupa la pili."

Nililifunga. Ahadi yangu kwa watoto hawa ni moja: kilichomo humo hakisomwi na kocha, wala mwalimu, wala mzazi. Nikiivunja mara moja tu, kesho yake thelathini na wawili wote wataniandikia nitaongeza bidii.

Jioni ni shule ya pili, na huko ndiko siku ilikoliwa.

Kocha wa netiboli ni mtu mzima, amenizidi kwa zaidi ya miaka ishirini. Ni mwalimu wa Jiografia, anaipenda timu yake kiasi cha kununua mipira kwa mshahara wake. Nalisema hili mapema kwa sababu ninayoyasema baadaye yanaweza kumpaka matope asiyostahili.

"Shikamoo kocha."

"Marahaba, mwanangu. Leo usinichukulie muda. UMISSETA, michezo ya sekondari, hii hapa."

Kiwanja ni udongo, chokaa imefutwa na mvua, ringi ni nondo iliyochomelewa na fundi, haina wavu. Wakaanza. GS akapokea ndani ya duara. Kanuni ya netiboli inakupa sekunde tatu tu za kukaa na mpira, kwa hiyo zile pumzi ndefu tunazowafundisha wapiga penalti wa mpira wa miguu hapa hazina nafasi. Yeye tulimpunguzia: magoti, macho nyuma ya ringi, toa pumzi, tupa. Akakosa. Mkono wake wa kushoto ukashuka kwenye sketi, ukafuta jasho lisilokuwepo.

"Wewe vipi!" Kocha. "Ringi inahama? Ringi inahama, nakuuliza!"

Mpira ukamrudia. Mkono kwenye sketi tena. Akashika mpira, akashika, sekunde tatu zikapita, filimbi.

"Amka! Umelala? Haya, amka!"

Nikatoa karatasi yangu, nikaigawa kwa mstari. Kushoto *maelekezo*, kulia *kelele*. Kila kocha akifungua mdomo, kijiti kimoja. "Inua kiwiko" inakwenda kushoto. "Mnaniua jamani" inakwenda kulia. Kwa dakika ishirini, kushoto vijiti tisa, kulia arobaini na kimoja.

Walipokwenda kunywa maji nikamwonyesha. Hapo ndipo nilipoacha kutazama saa.

Alidhani ni takwimu za mabao. Alipoelewa alikaa kimya, akasafisha miwani kwa ncha ya shati, akairudisha usoni. "Kwa hiyo ulikuja kunihesabu mimi."

"Nawahesabu makocha wote, mzee wangu."

"Mwaka 1988 nilikuwa uwanja wa Mkwakwani, Coastal Union wakichukua ubingwa wa nchi. Unadhani yule kocha alikuwa ananong'ona?"

Nikasema sidhani.

"Na Filbert Bayi? Christchurch, 1974, mita 1500, dakika 3 na sekunde 32, rekodi ya dunia. Alikuwa na daftari?"

Kocha wa Jiografia, bwana, ana miaka yote kichwani. Nilimwambia la Bayi silijui. Ninalolijua ni la John Wooden, kocha wa mpira wa kikapu wa chuo cha UCLA, Marekani, aliyechukua ubingwa mara 10 ndani ya misimu 12. Msimu wake wa mwisho, ule ulioisha 1975, watafiti wawili, Tharp na Gallimore, walikwenda kukaa kwenye mazoezi yake wakihesabu kama nilivyohesabu mimi. Walinasa matamko 2,326. Robo tatu yalikuwa maelekezo matupu: fanya hivi, si vile. Sifa na karipio zilikuwa chache, chache. Na mpango wa kila siku wa mazoezi aliuandika kwenye vikadi, akavitunza.

"Msimu huo alishinda au alifungwa?"

"Alichukua ubingwa."

Akaguna. Nikadhani tumevuka. Kumbe ndio kwanza alikuwa anageuza jahazi. "Haya. Nionyeshe daftari la GS."

"Haiwezekani, kocha."

"Kwa nini? Mchezaji ni wangu."

"Mchezaji wako, daftari lake."

Tulibishana juu ya hilo, naapa, karibu nusu saa. Alikuja kwa upole: yeye ni kama baba yao. Alikuja kwa ukali: mimi ni nani, nina leseni ya netiboli? Sina. Alikuja kwa Jiografia: mto huwezi kuupima bila kuingia majini. Akaniambia, na hili ndilo lililoniuma, "Kuna kitu ameandika kunihusu, nakuona usoni." Nikatazama nyanda za Afrika Mashariki zilizochorwa ukutani kwenye lile darasa la nyuma yake, nikahisi koo limekauka. Ningeweza kusema ndiyo, nikamaliza ubishi kwa sentensi moja. Huyu mzee angeumia, angebadilika hata kwa wiki moja, na yule binti angejua kabla ya magharibi kwamba Madam ni mdomo mrefu.

"Kocha," nikasema, "mimi nimekuhesabu wewe kwa sababu wewe ndiwe nilikuja kukusikiliza. Andika la kwako kwanza. Mistari mitatu. Nami sitamwonyesha mtu."

Hakujibu. Wasichana walishamaliza maji, walikuwa wamekaa kwenye mzizi wakituangalia kama watoto wanavyowaangalia wazazi wakinongonezana. Akachukua mpira, akaenda zake. Kipindi cha pili hakusema neno hata moja. Kimya kile kilikuwa kibaya kuliko kelele. Wachezaji walikuwa wanageuka kila pasi kumtazama. GS alifunga manne, akakosa manane, na mkono wake haukutoka kwenye sketi. Sitadanganya kwamba mbinu zangu zilifanya ajabu. Leo nilimharibia mtu mazoezi.

Kwenye kuandika walikuwa wamechoka, giza linaingia, mbu wamefika. Dakika tano, nikakusanya. Yeye kocha niliweka daftari jipya juu ya benchi, pembeni ya koni zake, bila kumtazama. Nilipokuwa nafunga turubai nikaona benchi liko tupu. Labda amelichukua, labda mtoto kajizolea daftari la bure.

Njia ya kurudi sikumbuki sana. Mnyororo ulichomoka mara mbili, mara ya pili nikaisukuma baiskeli mguu kwa mguu mpaka mjini. Watu wa nje wakisikia Tanga wanasema raha. Raha ipo, lakini haijawahi kubeba madaftari thelathini na mawili kwenye matope.

Nyumbani mama kaniwekea wali na dagaa chini ya kawa. Aliniuliza, "Mmeandika?" Nikamwambia tumeandika. Hakucheka safari hii, aliniona macho.

Na mimi nina langu, maana sipendi kumwagiza mtu kazi nisiyoifanya. Kilitokea nini: nilimwonyesha mtu mzima makosa yake mbele ya watoto wake. Mwili ulikuwaje: koo kavu, mabega juu. Kesho nitafanya nini. Hapo kalamu ilisimama. Nilikaribia kabisa kuandika ile sentensi ya marufuku. Nikaandika: karatasi ya vijiti atapewa ofisini, watoto wakishaondoka, na nitaanza na vile tisa.

Saa nne usiku simu ikaita. Kocha. Nikakaa kitako kwanza ndiyo nikapokea.

"Shikamoo kocha."

"Marahaba. Ile 'amka' umeiweka upande gani?"

"Kulia, mzee wangu."

"Zote mbili?"

"Zote mbili."

Nikamsikia akigeuza karatasi. "Ile ya pili ihamishe kushoto. Yule mtoto alikuwa amelala kweli."