Tufaa si epo

Juzi asubuhi, kwetu Mtambwe, Pemba, mwanangu nusura alie kwa sababu ya tufaa.

Bibi yake alimwahidi tangu usiku: "Kesho nitakuokotea matufaa." Mtoto wa mjini huyu, wa Mwanakwerekwe, Unguja, kwake tufaa ni lile la kwenye kitabu, la duara, gumu, ambalo nyumbani tunaliita epo na dukani huja na kibandiko cha Afrika Kusini. Asubuhi akawekewa pakacha mbele yake. Matunda mekundu, marefu kidogo, yamebinuka chini kama kengele. Akanitazama. "Mama, haya si matufaa." Mama yangu akacheka mpaka akashika kiuno. "Hayo yenu ndiyo si matufaa!"

Nililimega moja. Ndani jeupe kama pamba, majimaji, na ukilisogeza puani kuna harufu ya waridi kwa mbali. Utamu wake mdogo, wala halishindani na embe, lakini kwa joto lile ilikuwa kama kutafuna maji. Yale yaliyoanguka yenyewe yalishapiga mabaka kabla ya adhuhuri, na jioni tukawamwagia kuku. Ndiyo maana mjini nayaona kwa nadra. Tufaa halistahimili gunia wala boti. Epo husafiri maelfu ya maili likafika linang'ara. Hili letu kulifikisha mjini Chake Chake tu bila kubonyea ni kazi.

Na mimi nimezaliwa pale. Mtufaa ukimwaga maua, uwanja mzima ulikuwa zulia la rangi ya waridi kali, na mama akichelewa makusudi kufagia. Siku hizi msimu naujua kwa bei. Embe boribo la Muyuni likishuka bei sokoni Darajani, basi kaskazi imeshika.

Mwaka huu nilijiapiza kupika vya hapa na vya msimu wake. Wiki ya kwanza tu nikakwama. Mchele tunaokula mwingi waja na meli, vitunguu maji na viazi mviringo vyatoka Bara, na urojo bila unga wa ngano sijui utauitaje. Nikapunguza kiapo: mchana wali kama kawaida, usiku kinachotoka shambani. Muhogo, majimbi, ndizi mkono wa tembo, matembele ya nazi, dagaa. Mume wangu alivumilia siku tatu, ya nne akauliza kama tumeingia Ramadhani.

Alikuwa anatania, ila kanifumbua macho. Futari ndiyo kalenda tuliyobaki nayo. Ramadhani hurudi nyuma siku 10 au 11 kila mwaka, kwa hiyo kidogo kidogo huzunguka misimu yote, na sahani huzunguka nayo. Ipo miaka ninayoikumbuka kwa shelisheli la nazi, na ipo miaka ya viazi vikuu tu. Nilidhani mama alikuwa akibadilisha kwa kupenda. Kumbe alikuwa akipika kilichokuwepo.

Nilipomweleza mama haya yote hakuvutiwa. "Cha hapa, cha hapa! Shelisheli jina lake tu lakwambia lilipopitia. Muhogo nao ni mgeni. Hata karafuu." Kweli. Karafuu tunayojivunia Pemba ililetwa karne ya 19, na mtufaa wenyewe asili yake ni huko huko Asia. Kwa mama suala si nani alikuja lini. Anauliza mti uko uwanjani au hauko.

Siku ya kurudi mtoto alipakia matufaa matano ndani ya kopo la maziwa, akayazungushia majani ya mgomba, akalipakata kopo kwenye boti kutoka Mkoani mpaka bandari ya Malindi, Unguja. Tulipofungua, mawili yalikuwa mazima. Moja tumeligawana sote watatu. La pili akalipeleka kwa mtoto wa jirani, kumwonesha tu, alisema.

Amerudi na kokwa.