Tochi ya simu kule Ujiji

Treni kutoka Tabora ilichelewa masaa saba, siti sponji lote limeisha unakalia chuma, nimeshuka Kigoma mgongo haunyooki halafu bodaboda ananitajia elfu kumi na mbili mpaka Ujiji. Ujiji hapo! Tukavutana weee tukaishia elfu sita na bado najua nimepigwa.

Nilichofuata ni ile michoro ya makumbusho ya Livingstone, yule mmisionari wa Kiskoti. Kuingia tu umeme ukakatika. Mzee anayetembeza wageni akasema, "Washa tochi ya simu mwanangu," basi tukawa tunaangalia picha kipande kipande. Mtumwa, shingoni kafungwa mti wenye panda. Halafu Livingstone na Stanley, mwandishi wa habari aliyetumwa kumtafuta, wanasalimiana, mwaka 1871, hao wamechorwa mpaka vifungo vya koti. Mzee akanieleza Livingstone alikuwa daktari lakini sanduku lake la dawa, na kwinini humohumo, liliondoka na watu wa msafara waliotoroka mwaka 1867, kwahiyo Stanley anamkuta hoi, malaria na tumbo vimemmaliza. Na aliyetoka mbio kumpokea Stanley ni Susi, mtumishi wa Livingstone, huyohuyo ambaye yeye na Chuma na wenzao Livingstone alipofariki 1873 waliubeba mwili wake toka Zambia ya leo mpaka pwani, wakapitia Tabora kwetu.

Nikasogeza tochi pembeni ya picha. Wapagazi. Wamepangwa kwa nyuma kabisa, hawana macho wala midomo, ni doa la rangi ya kahawia na juu yake furushi. Mmoja tu ndo mchoraji kamchora bega, limeinama upande mmoja.

"Unatoka Tabora?" mzee akauliza. Nikamwambia ndio, Mnyamwezi. "Basi hao ndo babu zako."

Nilikaa pale mpaka simu ikabaki asilimia tatu, sikutaka kuondoka. Bibi yangu huwa anatusimulia kuhusu babu yake aliyebebeshwa mizigo ya askari vita vya kwanza, mwaka ule Wabelgiji wanaiteka Tabora, 1916, alirudi na kovu begani gumu kama kisigino, wajukuu wanaligusa wakicheza.

Usiku gesti (elfu ishirini na tano, maji ya ndoo) nikampigia bibi, nikamsimulia yule wa kwenye picha. Akanyamaza kidogo. "Bega lipi?" Nikashindwa kumjibu.

Asubuhi nikapanda tena bodaboda, elfu sita ileile, kwenda kuangalia.