Picha zilizogandana

Leo nimevuta picha zangu nilizochora kutoka uvunguni mwa kitanda. Nilikuwa natafuta moja tu, ya mama akianika nguo baada ya mvua, nimpe rafiki aliyeiomba tangu mwaka jana. Nimeikuta imegandana na nyingine, uso kwa uso. Rangi ya akriliki ndivyo ilivyo: joto likizidi hulegea, na picha zikilaliana muda mrefu hushikana. Nimezibandua polepole kwa ncha za vidole. Zilipoachana, kipande cha shavu la mama, ukubwa wa ukucha, kilikuwa kimehamia kwenye mawingu ya picha ya pili.

Nimekaa sakafuni nikihesabu waliotulia kuitazama picha ile tangu niimalize. Wanne. Niliichora kwa miezi mitatu.

Kila mchoraji ninayemfahamu ana uvungu wake. Mmoja huziweka juu ya kabati, mwingine kazirundika nyuma ya mlango hadi mlango haufunguki wote. Wapo wauzaji wa picha, nao nawashukuru, lakini mtu asiye na nia ya kununua huona haya kuingia dukani kutazama tu. Kwenye simu nako, turubai la mita moja na nusu hugeuka kiganja, na mkono wa mchoraji hauonekani tena ndani ya rangi.

Mwaka jana sisi wachoraji tulipewa ukumbi wa mikutano kwa siku mbili, tuonyeshe picha zetu. Misumari ilikatazwa, tukaziegemeza picha kwenye viti. Alasiri jua likapenya dirishani, na mwenzetu mwenye michoro ya rangi za maji akawa anaihamisha kila baada ya muda, akifukuzana na kivuli. Hakuwa anajisumbua bure. Majumba ya sanaa huiwekea michoro ya aina hiyo mwanga hafifu, takribani luksi 50 kwa kipimo cha mwanga, kwa sababu rangi ikishapauka hairudi.

Siku ya pili, jioni, mzee mmoja alichuchumaa mbele ya picha ya mama. Alikaa hapo mpaka nikamletea kiti, akakikataa. Alipoinuka aliuliza, "Kesho mpo, wanangu?" Tukamwambia hapana, kesho kuna mkutano. Swali lile bado ninalo. Picha ni kitu cha kurudiwa. Mtu huja leo akaona nguo kwenye kamba, akarudi wiki ijayo ndipo akaona mikono iliyochoka.

Nimekuwa nikisoma jinsi wengine walivyoanza majumba ya sanaa. National Gallery ya London ilianza mwaka 1824 kwa picha 38 zilizonunuliwa na serikali, na umma ukaenda kuzitazama katika nyumba ya marehemu aliyekuwa nazo, John Julius Angerstein. Nyumba tu. Kule Dulwich, humo humo London, katika jumba lililofunguliwa kwa umma mwaka 1817, msanifu John Soane aliingiza mwanga kupitia paani, kuta zikabaki kwa ajili ya picha. Tate Modern, jumba jingine la London lililofunguliwa mwaka 2000, awali lilikuwa kituo cha kuzalishia umeme.

Najua wapo wanaosema sanaa isubiri, zahanati zipate dawa kwanza. Naiheshimu hoja hiyo. Ila vyumba vya umma vilivyofungwa kwa kufuli, vimejaa viti vibovu, vipo tayari, na kukifungua kimojawapo hakumnyimi mgonjwa kidonge. Ninachoomba ni chumba kimoja kisicho na kiingilio, reli ya kutundikia picha ili ukuta usitobolewe, pazia zito dirishani, na mtu wa kufungua mlango hata siku ambayo hakuna mgeni rasmi.

Shavu la mama sijaligusa. Nimezisimamisha picha zote, nikatenganisha kila moja na mwenzake kwa vipande vya mbao. Kesho naandika barua kuuomba ule ukumbi. Ukuta wake mrefu niliupima kwa hatua siku ile tukikusanya viti: hatua kumi na saba.