Kwenda Nansio na Habari za Theluji

Meli ya kwenda Nansio, kisiwani Ukerewe katika Ziwa Victoria, iling'oa nanga bandari ya Mwanza asubuhi, nami nikapata nafasi kwenye sitaha kando ya mzee wa Ukerewe aliyelima pamba tangu ujana wake. Nilipomwamkia shikamoo alinisogezea mfuko wa matobolwa, yaani viazi vitamu vilivyochemshwa na kukaushwa, na mazungumzo yakaangukia dawa za pamba. Alieleza jinsi walivyozikoroga kwenye ndoo kwa kijiti, wakabeba bomba mgongoni na kunyunyiza huku upepo ukiwarudishia usoni, na harufu ikabaki kwenye shati hata baada ya kufuliwa.

"Sasa, mwanangu, dawa yote ile iliishia wapi?"

Nilimjibu kwamba nyingine ilibaki udongoni au ikasombwa na maji, lakini kemikali za aina hiyo zisizooza upesi hugeuka mvuke penye joto, zikasafiri na hewa, kisha zikaganda na kudondoka penye baridi, yaani milimani. Mwaka 1998 watafiti waliopima theluji ya milima ya magharibi mwa Kanada walieleza kwamba viwango vya baadhi yake viliongezeka kati ya mara 10 na 100 kutoka mwinuko wa meta 770 hadi meta 3,100, ambako hakuna anayelima. Endosulfani, dawa ya wadudu iliyotumika sana kwenye pamba na ambayo Mkataba wa Stockholm, makubaliano ya kimataifa kuhusu kemikali zisizooza upesi, uliiorodhesha mwaka 2011 kati ya zinazopaswa kuondolewa, imekutwa pia katika theluji ya hifadhi za milimani huko Marekani.

"Kumbe na theluji inapigwa dawa!" akacheka.

Sisi wa pwani ya ziwa, kwa maoni yangu, tumezoea mno kulaumu mito na mifereji, ilhali takriban asilimia 80 ya maji yanayoingia ziwani ni mvua inayolinyeshea moja kwa moja, pamoja na chochote kilichomo hewani.

Hapo akauliza kuhusu sangara, kwa kuwa ana mafuta, na sumu hizi hujificha kwenye mafuta. Nikamweleza kuwa samaki wa maziwa ya milimani hukua polepole kwa sababu ya baridi, hivyo hulimbikiza sumu kwa miaka mingi, ilhali sangara hukua haraka, hivyo hana muda mrefu hivyo wa kuilimbikiza.

Hilo halikumshughulisha sana. Alichotaka kujua, hata tulipokuwa tukishuka Nansio, ni kama makopo ya dawa aliyoyafukia zamani nyuma ya ghala yafukuliwe. Nilimsihi asiyaguse kwa mikono yake, amwone kwanza bwana shamba.