Usiku wa Jumapili si Jumapili usiku: safari ya Matamba kuvizia kivuli

Nauli ya mtu kutoka Chimala, mkoani Mbeya, kupanda Matamba ilikuwa shilingi 7,000. Ya sanduku la darubini, 10,000. Konda aliligonga kwa kidole, akataka kulirusha kwenye keria. Nikamwambia ndani kuna kioo cha sentimita 13, na kwenye barabara ile vioo vikirukaruka vinatoka kwenye mstari wao, kwa hiyo sanduku litakaa mapajani mwangu. Akajibu kwamba mzigo wa ndani unakula siti, na siti ina bei. Shilingi 17,000 kwa kipande kile cha njia! Kwa fedha hiyo mtu wa Mbeya mjini anafika Makambako. Nililipa, kwa sababu kivuli cha jiwe la angani nilichokifuata hakingoji mtu amalize kubishana na konda.

Barabara yenyewe wenyeji wanaiita Hamsini na Saba, kwa idadi ya kona zake kali. Yaliyomo njiani wanayajua wanaopita na magunia ya viazi kila wiki, kwa hiyo naruka hadi juu.

Nilipanda kwa ajili ya jiwe. Asteroidi moja ya ukanda ulio kati ya Mirihi na Mshtarii, kipenyo chake kama kilomita 40, ilitazamiwa kupita mbele ya nyota ya daraja 10.2 la mng'ao (namba ikipanda, mwanga unapungua). Mwanga wa nyota hutoka mbali mno hata miale yake inatufikia ikiwa sambamba, kwa hiyo kivuli cha jiwe hilo kikianguka duniani kinakuwa na upana uleule wa jiwe: ukanda wa kilomita 40 unaoikimbilia nchi. Hiki kilikuwa kinakuja kutoka mashariki kwa kilomita 12 kwa sekunde. Aliyesimama katikati ya ukanda angeikosa nyota kwa sekunde 3.3, na aliye pembeni kwa muda mfupi zaidi. Ukizidisha muda wako kwa kasi ya kivuli unapata urefu wa mstari mmoja uliokatiza umbo la asteroidi. Watu wanne wakijipanga kwa upana wa ukanda, kila mmoja na mstari wake, umbo zima linaanza kuonekana, na hapo unalipima jiwe lililo mamilioni ya kilomita mbali kwa usahihi wa nusu kilomita.

Utabiri unasimama juu ya mambo mawili: mahali hasa ilipo nyota, na njia hasa ya asteroidi. Miaka ya 1980 mstari uliochorwa kwenye ramani uliweza kukosea kwa mamia ya kilomita, na watu wakasafiri bure. Mambo yaligeuzwa na Gaia, satelaiti ya Ulaya iliyorushwa Desemba 2013, iliyopima mahali pa nyota zaidi ya bilioni moja. Siku hizi programu ya Occult ya Dave Herald wa Australia inakokotoa mstari, na OccultWatcher ya Hristo Pavlov inakuonyesha matukio yanayopita karibu na kwako na nani mwingine amejiandikisha kusimama wapi. Zote ni za bure. Mstari wetu ulikuwa na shaka ya kilomita 3 tu kila upande, na ulipita juu ya uwanda wa Kitulo. Matamba ilikuwa kilomita 9 kaskazini mwa mstari wa katikati, na hilo lilinitosha. Sikuwa na fedha ya viingilio vya hifadhi ya Kitulo, na mtu aliye pembeni kidogo hutoa kipimo chenye faida sawa na aliye katikati. Mwenzangu, mwalimu wa fizikia, alibaki Chimala, kilomita kama 5 nje ya ukingo. Nitasema mbele kwa nini tulimweka mahali ambapo huenda asione chochote.

Na kimo kina hesabu yake, hasa kwetu nyanda za juu. Ramani ya kivuli huchorwa kwa usawa wa bahari. Nyota ikiwa nyuzi 18 kutoka utosini, kila mita 1,000 za mwinuko zinakusogeza kama mita 325 kulingana na kivuli. Hiyo ni kidogo. Lakini nyota ikiwa chini, nyuzi 20 tu juu ya upeo, mlima wa mita 2,000 unakusogeza kilomita 5 na nusu, na asteroidi ndogo inakupita kando huku umekaa pale ramani ilipokuelekeza. Weka kimo chako kwenye programu kabla ya kuchagua kijiji.

Sasa betri.

Kamera ya video, kifaa cha kuchapa saa ya GPS juu ya kila picha, na mkanda wa joto wa kuzuia umande, vyote vinakula volti 12. Kubeba betri ya gari ya N70 kwenye kosta ni kutafuta ugomvi mwingine wa nauli, kwa hiyo nilipatana na fundi mmoja wa Chimala: aichaji, aipakie kwenye gari la dereva wanayefahamiana, nami niipokee Matamba. Kwa simu nilimwambia, "Fundi, iwe imefika kabla ya usiku wa Jumapili." Akasema hamna shida, mjomba.

Tazama jinsi usiku mmoja ulivyopata majina matatu. Kwenye utabiri, tukio lilikuwa Jumamosi saa 22:47, kwa saa ya dunia (UTC). Sisi tuko saa tatu mbele, kwa hiyo ni saa 01:47 ya Jumapili. Kwa kuhesabu kwetu ni saa saba na dakika 47 usiku, na kwa kuwa wazee wa pwani huanza siku magharibi, usiku huo ni usiku wa Jumapili: ule unaoutangulia mchana wa Jumapili, usiku wa kuamkia. Hivyo ndivyo nilivyolelewa kusema. Fundi, kama watu wengi barabarani leo, alisikia "Jumapili usiku": jua la Jumapili lichwe kwanza, ndipo usiku wake. Hakuna aliyedanganya. Jumamosi saa tatu usiku nilipompigia, betri ilikuwa bado iko kwenye chaja, na dereva amepanga kupanda kesho yake jioni.

Mama mwenye gesti alinikuta uani nimesimama na waya mkononi. Nilimwamkia, nikamweleza. Akaniuliza jambo la maana kuliko yote niliyoulizwa safari ile: "Hicho kitu kinahitaji umeme mwingi, au mdogo wa muda mrefu?" Nikamwambia mdogo. "Basi mwanangu, betri za pikipiki zimelala pale kwa vijana."

Ukipiga hesabu, mama alikuwa sahihi. Kamera inavuta ampea 0.2, kichapa saa 0.1, weka 0.4 kwa tahadhari. Betri ya bodaboda ya volti 12 na ampea-saa 5 inaweza kubeba hayo kwa saa tatu na bado ikabaki zaidi ya nusu. Kisichobebeka ni mkanda wa joto, unaokula ampea 1.2 peke yake. Ukiuunganisha, volti zinashuka. Zikikaribia 11 picha inaanza kuingia michirizi na GPS inajizima na kuwaka upya, na hilo la mwisho ndilo balaa, kama nitakavyoeleza. Kijana wa bodaboda alitaka 15,000 kwa usiku mmoja, na dhamana ya kitambulisho. Gesti yenyewe ilikuwa 20,000, blanketi moja, maji ya moto hayapo. Nilitoa fedha na kitambulisho. Betri ilifika mkononi saa sita na dakika 10 usiku.

Bila mkanda wa joto, umande unakaa kwanza kwenye kioo kidogo cha juu, kilicho karibu na mdomo wa bomba. Dawa yake ni kofia: mkeka wa plastiki wa mama niliuviringisha kuuzunguka mdomo ukatokeza sentimita 20, nikaufunga kwa mpira wa tairi. Jiko la mkaa usilisogeze, hata baridi ikiwa nyuzi 4 kama ilivyokuwa. Hewa ya moto inaichezesha nyota na moshi unaikata mwanga.

GPS ikiwashwa baada ya kulala muda mrefu, inakupa saa ndani ya dakika moja, na saa hiyo inaweza kuwa ya uongo. Saa ya satelaiti za GPS iko mbele ya saa ya dunia kwa sekunde 18, na taarifa ya tofauti hiyo hutumwa mara moja tu katika kila mzunguko wa ujumbe wa dakika 12 na nusu. Kifaa ambacho hakijaipokea hutumia tofauti ya zamani iliyowekwa kiwandani. Kwa kivuli cha kilomita 12 kwa sekunde, kosa la sekunde moja linaisogeza asteroidi kilomita 12. Niliwasha saa sita na dakika 20, sikuigusa hadi dakika ya 35. Ndiyo maana betri inayoyumba ni balaa: kila ikijizima, dakika 12 na nusu zinaanza upya.

Kuilenga nyota hakuhitaji mota. Funga darubini mahali pamoja na uiache dunia izungushe anga. Saa moja kabla ya tukio, tafuta kwenye ramani nyota yenye mkengeuko (umbali kutoka ikweta ya anga) uleule wa nyota yako lakini iliyotangulia magharibi kwa saa 1 na sekunde 10. Hizo sekunde 10 zinatoka kwenye tofauti ya siku ya nyota na siku ya jua. Iweke katikati ya picha saa yake ikifika, kaza, ondoka. Baada ya saa moja nyota yako itapita palepale. Kwa bomba langu lenye lenzi ya kufupisha, uwanja wa picha una upana wa nyuzi 1.1, na nyota inachukua kama dakika 4 na nusu kuukatiza. Lenga na kamera ikiwa imeshafungwa. Ukilenga kwa jicho kisha ukabadilisha, uzito unabadilika na bomba linainama. Stendi niliikalisha juu ya tofali tatu, maana udongo wa Matamba umetifuliwa kwa viazi na unazama.

Taa ya ulinzi ya gesti ilikuwa inamwaga mwanga uani. Nilimwomba mama, akaizima, akaenda na kwa jirani. Nilikumbuka Julai 2017 kule Argentina, wanasayansi walipofuata kivuli cha Arrokoth, jiwe jingine la angani: wenyeji walizima taa za barabarani na kuegesha malori kukinga upepo, na darubini tano zikakinasa. Mwaka uliofuata kivuli cha jiwe hilohilo kilifuatwa Senegali. Afrika ina anga na watu. Darubini zilizokaa tayari vijijini ndizo chache.

Kwetu ni Mbozi, na jiwe la namna hii nimelijua kabla ya kusoma. Kimondo kile, tani kama 16, sehemu tisa kwa kumi chuma na iliyobaki karibu yote nikeli, ni kipande cha moyo wa asteroidi iliyovunjika. Tulipelekwa na shule kukipanda na kuteleza. Uani Matamba, mikono ndani ya blanketi, nilikuwa nawaza kuwa urefu wake ni mita 3 tu, na ninalolingoja lingejaza kutoka Mlowo hadi nje ya wilaya.

Nilianza kurekodi dakika mbili kabla, na nilipanga kuacha dakika mbili baada. Usirekodi sekunde kumi tu: mwezi mdogo wa asteroidi Polymele uligunduliwa Machi 2022 kwa nyota kupotea mara ya pili, mbali na pale jiwe kubwa lilipopita. Picha 25 kwa sekunde, maana yake kila picha ni nusu kilomita ya kivuli.

Saa saba, dakika 47, sekunde 12. Nyota ilizimika. Haikufifia, ilikuwepo kwenye picha moja na haikuwepo kwenye inayofuata. Asteroidi yenyewe, daraja 13.9, ina mwanga wa sehemu moja tu kati ya thelathini za ule wa nyota, na kamera yangu haiuoni, kwa hiyo palibaki peusi. Nilihesabu kwa sauti. Ikarudi baada ya picha 66: sekunde 2.64, karibu kilomita 32. Nilisikia mama, nyuma yangu, akisema "Imerudi."

Mwalimu wa Chimala hakuona kitu, nyota haikutikisika, na kipimo chake tulikituma pamoja na changu. Mstari wangu peke yake haukusema kama nimepita kaskazini au kusini mwa kitovu. Mviringo wa kilomita 40 unalingana na pande zote mbili, kilomita 12 kutoka katikati. Kukosa kwake kunaweka ukuta upande wa kaskazini: umbo lolote litakalochorwa haliruhusiwi kufika Chimala. Wengi hawatumi matokeo ya "sikuona", nao wanatupa kazi ya usiku mzima.

Betri ya N70 ilifika Jumapili saa mbili usiku, imejaa vizuri, na dereva akadai 8,000 zake. Nilimlipa. Tukio linalofuata nimeshamwandikia fundi hivi: "Betri ifike Ijumaa mchana, jua linawaka. Kazi ni usiku wa kuamkia Jumamosi, yaani Ijumaa watu wakishalala, saa nane kasoro robo, kabla jogoo hajawika." Akajibu, "Ijumaa hii hii, mjomba?"