Njumu ya rangi: kisu kwanza, brashi baadaye

Kitazame kiti cha enzi kwa karibu, kile cha mpingo chenye vipande vya pembe za ndovu vilivyopachikwa, kama vilivyopo kwenye makumbusho ya Lamu. Uzuri wake wote uko pale weupe unapokutana na weusi. Ukingo ni mkali kama wembe, rangi moja haijatambaa hata kidogo ndani ya nyingine. Anayetaka kuiga njumu, yaani nakshi ya vipande vya kupachikwa, kwa rangi ya kupaka mbao anauwinda ukingo huo, na ukingo huo hutolewa na kisu. Rangi ya bei ghali bila kisu ni doa tu.

Uigaji huu si mgeni. Mwanzoni mwa karne ya 19 mafundi wa Uingereza waliyaacha maua katika weupe wa mbao, wakapaka weusi kandokando, kisha wakachora mishipa ya majani kwa kalamu na wino mpaka yakaonekana kama pembe. Kwetu pwani una manufaa zaidi, maana pembe ni marufuku na mpingo ni adimu.

Chagua mbao nyeupe yenye nyuzi zilizobana. Mwembe usio na michirizi unafaa sana, na plaiwudi yenye uso mweupe inafaa kwa vifuniko na sinia. Mvule na mbambakofi viache. Ni vyeusi tayari na rangi haitaonekana. Paini na saipresi zinasumbua kwa sababu sehemu laini za nyuzi hunywa rangi kuliko zile ngumu, ukabaki na madoadoa.

Piga msasa namba 120, kisha 180, kisha 220. Pangusa ubao kwa kitambaa kibichi, uache saa moja ukauke. Ukipapasa utasikia vinyweleo vimesimama. Vipitie kwa namba 320, mkono mwepesi. Usipofanya hivyo sasa, vitasimama utakapopaka rangi ya maji na ukingo wako utachakaa. Wala usivuke 320, maana mbao iliyosuguliwa kupita kiasi haishiki rangi vizuri. Jambo moja la kuangalia mno: usisugue ubao kwa waya laini wa kusugulia sufuria. Chembe zake hubaki ndani ya mbao, na kwa hewa ya chumvi ya Lamu zitatoka vidoti vyeusi baadaye.

Kuhamisha nakshi, sugua penseli laini nyuma ya karatasi kisha ufuatishe mistari. Karatasi ya kaboni huacha mafuta yanayokataa rangi. Kwa mara ya kwanza chora waridi la pembe nane au mnyororo wa pembeni. Mistari iliyonyooka na mipindo mipana ni rahisi kuliko majani yaliyojikunja.

Sasa kisu. Tumia wembe mpya, na uubadilishe mara tu unapoanza kuvuta nyuzi. Kata kina cha nusu milimita hadi milimita moja, kwa kupita mara mbili: ya kwanza nyepesi ya kuonyesha njia, ya pili ya kukata. Kwenye plaiwudi usizidi nusu milimita, kwa kuwa uso wake ni mwembamba. Rangi husafiri ndani ya mbao kwa kufuata nyuzi, kama maji kwenye utambi, kwa hiyo mstari unaokatiza nyuzi ndio unaohitaji kina zaidi. Mstari unaokwenda sambamba na nyuzi una hatari nyingine: wembe huteleza na kufuata nyuzi badala ya penseli. Hapo shikilia rula ya chuma, ukate polepole. Kwenye mpindo zungusha ubao, mkono ubaki ulipo.

Wengi huishia hapo wakapaka. Ongeza kinga ya pili. Yeyusha gramu 60 za shelaki, utomvu mkavu wa kutengenezea vanishi, katika nusu lita ya spiriti, iache usiku mzima, kisha kwa brashi ndogo paka sehemu zitakazobaki nyeupe hadi kwenye ukingo wa mkato. Ikikauka, rangi ya maji haipenyi hapo. Lakini rangi ya spiriti itaiyeyusha shelaki hiyo, na kazi yote itachanganyika. Kanuni ni hiyohiyo mpaka mwisho: kiyeyushi cha tabaka la juu kisiwe kile kinachoyeyusha tabaka la chini.

Weusi bora kabisa ni ule wa chuma, na Lamu tunao utajiri wa kuupata. Osha kwa sabuni kipande cha waya laini wa kusugulia sufuria ili mafuta yatoke, kiloweke katika nusu lita ya siki nyeupe kwa siku tatu hadi saba, kisha uchuje kwa kitambaa. Usikaze kifuniko, kwani gesi hutoka na chupa inaweza kupasuka. Peke yake maji hayo huupa mwembe ukijivu tu. Yanahitaji ukakasi wa tanini, nao umejaa kwenye magome ya mkandaa na mkoko. Chukua magome yaliyobanduka kwenye boriti zilizokwisha katwa, usiuchune mti ulio hai. Gramu 100 kwa lita moja ya maji, chemsha nusu saa. Chai ya rangi iliyokolea sana inaweza kushika nafasi yake. Paka maji ya magome, acha yakauke, kisha paka yale ya chuma. Ndani ya dakika chache mbao inageuka kutoka kahawia hadi weusi wa mpingo, mbele ya macho yako. Tumia kijiti cha pamba au brashi isiyo na mkanda wa chuma. Tone moja likirukia sehemu ya kahawia litaacha doa la kijivu lisilotoka kwa kufuta.

Maji ya magome bila chuma hutoa kahawia nyekundu nzuri ya kuigia mbao nyingine. Bizari ya manjano usiitumie, hufifia kwa jua. Anza na rangi nyepesi, malizia na nyeusi, na brashi iwe karibu kavu: vuta kutoka katikati kuja ukingoni, usiache dimbwi kwenye mkato. Kila rangi ijaribu kwenye kipande cha mbao ileile, tena ukipake na vanishi, maana rangi iliyokauka hupauka na vanishi huikoza upya.

Njumu ya kweli ina alama ambayo uigaji unaikosa: kila kipande kina nyuzi zake, zimelala upande wake. Kwenye ubao mmoja nyuzi zote zinakwenda njia moja, na jicho la fundi hulitambua hilo haraka. Kwa hiyo chora vimstari vyembamba vya wino kufuata mwelekeo wa kila jani, na uache mkato wenyewe ushike weusi kidogo, ufanane na mstari wa gundi. Mteja mwambie wazi kuwa ni rangi.

Vanishi ya mafuta ya kwanza iwe nyepesi, na usiipige msasa, utatoboa rangi. Subiri saa 24, kisha ongeza tatu, ukipitisha 320 katikati, mpaka kidole kisisikie mkato. Wakati wa masika shelaki huvuta unyevu ikawa na ukungu mweupe, basi ngoja siku kavu. Wakati wa kaskazi funga dirisha la upande wa upepo, vumbi lisilale juu ya vanishi.

Rangi ikivuka mkato kwa upungufu wa milimita moja, usikwangue. Kata mstari mpya nje ya doa, ujaze weusi katikati, na ufanye vivyo hivyo kwenye maua mengine yote ili upana ulingane.